Kanisa limpokee mkimbizi, lakini kwa barua na muhuri

Kila zinapoanza habari za Warundi kurudishwa kwao, hoja ileile huzuka kwenye vigango na sharika za Kasulu, Kibondo na Kakonko, mkoani Kigoma: mkimbizi akipiga hodi kanisani usiku wa kuamkia msafara, afunguliwe? Wengine husema aingie, alale chini ya madhabahu, tuone nani atathubutu kumgusa. Wengine husema hayo ni ya serikali, kanisa lishughulike na ibada. Msimamo wangu ni kwamba afunguliwe, ila asifichwe. Mambo hayo mawili watu huyachanganya, na anayeumia kwa mchanganyo huo ni mkimbizi mwenyewe.

Tuanze na sababu ya kumfungulia. Desemba 1996 serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walitoa tamko la pamoja kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa Kagera warudi kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Neno lilikuwa "wote", na nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja ilikuwa finyu mno. Mwaka 2012 kambi ya Mtabila ilifungwa kwa njia tofauti kidogo: kabla Warundi wa hapo hawajaondolewa hadhi ya ukimbizi, kaya zilihojiwa, na watu wapatao 2,700 wakaonekana bado wana sababu ya kulindwa. Zaidi ya 30,000 walirudishwa kati ya Oktoba na Desemba mwaka huo. Hao 2,700 ndio hoja yangu nzima. Tangazo la jumla lingewabeba kama wengine. Waliokolewa na mtu aliyeketi na karatasi akawauliza. Kisha Oktoba 2019 Warundi zaidi ya 200 wasio na usajili walitolewa kambi ya Nduta wakavushwa mpaka, na shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch likaeleza kwamba walibanwa: ama ujiandikishe kurudi, ama ubaki bila hadhi wala msaada. Hapo palikosekana siku chache tu na mtu wa tatu wa kushuhudia. Siku hizo chache na ushahidi huo kanisa linaweza kuvitoa. Zaidi ya hapo haliwezi, na lisijidanganye.

Nasema lisijidanganye kwa sababu ukuta wa kanisa, kwa sheria yetu, ni ukuta kama mwingine. Hakuna kifungu kinachomzuia askari au ofisa uhamiaji kuingia. Wanaosimulia ya Ulaya husahau kwamba Uingereza yenyewe ilifuta haki ya kukimbilia kanisani tangu miaka ya 1620. Uholanzi walifanikiwa kwenye kanisa la Bethel mjini The Hague, ambako familia moja ya Kiarmenia ilikingwa kwa ibada isiyokatika ya siku 96, kuanzia Oktoba 2018 hadi Januari 2019, wachungaji wakipokezana usiku na mchana. Lakini waliweza kwa kuwa sheria ya kwao inakataza polisi kuingia ibada ikiendelea. Hapa mtaimba pambio hadi sauti zikauke na karandinga litasubiri nje, au halitasubiri kabisa. Ufaransa, Agosti 1996, polisi walivunja mlango wa kanisa la Saint-Bernard jijini Paris kwa shoka wakawatoa Waafrika wapatao 300 wasio na vibali.

Na sisi wa ukanda huu hatuhitaji mifano ya Paris. Kanisa la Nyange, Rwanda, Aprili 1994, lilibomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa hapo, Athanase Seromba, akahukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Arusha kwenye rufaa mwaka 2008. Seminari ya Buta, Burundi, 30 Aprili 1997: wanafunzi 40 waliuawa bwenini baada ya kukataa kutengana kwa makabila. Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu anayajua haya kuliko mhubiri wake. Ukimwambia "hapa ni madhabahuni, uko salama", anakuangalia tu.

Biblia yenyewe haina ushirikina huo. Yoabu alizishika pembe za madhabahu na akauawa palepale. Kilichofanya kazi ni ile miji sita ya makimbilio, na ukisoma Yoshua 20 utaona utaratibu wake: anayekimbia anasimama penye lango la mji, anaeleza shauri lake mbele ya wazee, wanampokea, anakaa hadi asikilizwe na mkutano. Kuna lango na wazee, kuna maelezo, kisha hukumu. Ndugu zetu Waislamu wa Ujiji nao wana aya ya sita ya Sura ya Tawba: mshirikina akikuomba hifadhi mpe, kisha umfikishe mahali pake pa amani. Nako kuna mwisho. Hifadhi si kukaa milele.

Wajerumani ndio waliolielewa hili vizuri. Tangu 1983, lilipoanza kwenye parokia moja ya Berlin, makanisa yao hupokea watu wanaokaribia kuondoshwa, lakini siku hiyohiyo huiarifu serikali kwamba fulani yuko kwetu, anwani ni hii. Tangu 2015 wana makubaliano na ofisi ya wahamiaji ya kupeleka jalada la kila mtu lipitiwe upya. Uwazi huo una faida ya kisheria. Kule, anayesubiri kupelekwa nchi nyingine ya Ulaya muda wake hukatika baada ya miezi sita. Akitoroka, kwa kanuni za 2020 serikali iliongezewa hadi miezi 18. Mahakama yao kuu ya utawala ilisema mwaka 2020 kwamba aliye kanisani kwa anwani inayojulikana hajatoroka. Kwa hiyo aliyefichwa alipoteza mwaka mzima, na aliyetangazwa hakupoteza kitu.

Sheria yetu haina hesabu hiyo, lakini mantiki yake inatugusa. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeingia nchini kuomba hifadhi aripoti ndani ya siku 7 kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Mtendaji wa kijiji! Yaani ofisi iliyo hatua mia chache kutoka kanisani. Padri anayemweka Mkongo aliyeshuka na boti Kibirizi, Kigoma, wiki mbili kwenye nyumba ya katekista, kwa huruma, anamfanya siku ya nane aonekane mhamiaji haramu. Mkataba wa 1951 unamkinga aliyeingia bila kibali asiadhibiwe, mradi ajitokeze bila kuchelewa. Ukimficha, unamnyang'anya kinga hiyo. Na wewe mwenyewe unaingia kwenye kosa la kuhifadhi mhamiaji haramu chini ya Sheria ya Uhamiaji, ambalo hakimu hatalipima kwa mahubiri.

Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni ni "una karatasi gani", kabla hata ya kuuliza dhehebu. Mwenye usajili wa kambi aliyekamatwa na giza nje bila kibali cha kutoka hahitaji hifadhi ya kanisa, anahitaji kusindikizwa kesho asubuhi hadi kambini na mtu anayeheshimika, kabla hajakutana na doria. Aliyeingia jana apelekwe kwa mtendaji, na asiende peke yake. Aliyekataliwa ombi lake ana muda mfupi wa kuomba lipitiwe tena, kwa hiyo mtafutie msaidizi wa kisheria kabla ya godoro. Anayesema jina lake limeingizwa kwenye orodha ya kurudi bila ridhaa yake, huyo ndiye hasa ninayemsemea: makubaliano ya pande tatu ya 2017 kati ya Tanzania, Burundi na UNHCR yanazungumzia kurudi kwa hiari, na ana haki ya kudai hiari yake ipimwe na UNHCR faraghani. Halafu kuna kundi ambalo watu wa mbali hawalifikirii. Muha wa Buhigwe na Mrundi wa ng'ambo wanasikilizana bila mkalimani, wameoana, wana mashamba yanayopakana. Kwenye operesheni ya 2013 ya kuwaondoa wahamiaji haramu walitolewa hata watu walioishi huku miongo mingi, wenye wake na waume Watanzania. Mtu wa namna hiyo anaweza kuokolewa na rejista ya ubatizo ya mwaka 1978, na hiyo iko kabatini kwako, Padri, inaliwa na mchwa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Anayefika apokewe na watu wawili, mmoja mwanamke. Waandike kwenye daftari la kaunta jina kama lilivyo kwenye karatasi zake, tarehe na njia aliyoingilia, idadi ya watoto, namba ya usajili kama anayo. Kile anachokiogopa kiandikwe kwenye karatasi ya pembeni, kwa maneno yake, asomewe, aweke sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo ni ya mwanasheria tu. Hii ni muhimu. Barua ya kuarifu itapita mikono mingi, na kwenye kambi zenye watu wa kila upande wa siasa za Bujumbura, sababu ya mtu kukimbia ikisomwa na asiyestahili ndugu zake waliobaki nyuma wataipata.

Barua iandikwe ndani ya saa 24, nakala nne: mtendaji wa kijiji, ofisi ya wizara inayoshughulikia wakimbizi, ofisi ya UNHCR iliyo karibu, na ya kwenu. Iseme watu wangapi wapo, wapo wapi, mlango uko wazi, na wanaomba nini: kuhojiwa, au kupitiwa upya. Isiwe na lawama wala mistari ya Biblia. Mtendaji ana Biblia yake. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ofisi ikikataa kugonga, andikeni nyuma jina la aliyekataa, saa na shahidi. Barua isiyo na muhuri, mbele ya mkuu wa wilaya, haikuandikwa.

Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanatambuliwa rasmi. Hawasimami mahakamani, lakini wanajua kuandaa maelezo, na ndiyo kazi kubwa hapa.

Malazi nayo yapimwe. Kiwango kinachotumika kwenye misaada ya dharura ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, chini ya paa. Sakristia ya mita nne kwa tano inatosha watu watano, si kumi na wawili. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani madumu manne ya lita 20 kwa watu hao watano. Unga gramu 400 kwa mtu kwa siku. Kwa siku 14 ni kilo 28, maharage kilo nane na nusu hivi, mafuta lita mbili, chumvi nusu kilo. Si mzigo wa kulitisha kanisa lenye jumuiya kumi. Kinachosahaulika ni choo. Vyoo vingi vya makanisa yetu vimejengwa kwa ajili ya Jumapili: havina komeo, viko mbali, havina taa. Mama akishindwa kwenda chooni usiku, mmempa hifadhi nusu.

Muda uwe siku 14, ziongezwe mara moja kwa uamuzi wa kamati. Mwenyeji asiwe mchungaji peke yake. Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi, kwa sababu mkimbizi akiwa wa mtu mmoja, anakuwa mali ya mtu huyo: atamlimia shamba, atampigia magoti. Kuna balaa jingine, la wanaonong'ona kwamba ukiandikwa kanisani jina linakwenda kwenye orodha ya Marekani. Kuhamishiwa nchi ya tatu huamuliwa na UNHCR na nchi inayopokea, na hakuna mchungaji mwenye ufunguo huo. Ikitajwa hela, hata ya "fomu", funga zoezi. Picha za simu zisipigwe. Moja tu kwenye kundi la kwaya inafika ng'ambo kabla ya misa ya pili.

Wanaopinga wana neno lenye uzito, nalo ni usalama. Kambi za magharibi zimewahi kupitiwa na watu wenye silaha, na wanakijiji wa Kibondo waliovamiwa mashambani hawakuota. Jibu langu ni kwamba mwenye silaha hapokelewi, na anayetafutwa kwa kosa la jinai anasindikizwa polisi akiwa na mwanasheria. Tena uwazi ninaoutetea unawasaidia hao wenye hofu: sungusungu akijua nani analala sakristia na kwa nini, hana sababu ya kuja na panga.

Swali gumu zaidi ni nani ndani ya kanisa afanye kazi hii. Makanisa hayakuanza jana kuhudumia wakimbizi. TCRS, huduma ya Kikristo kwa wakimbizi, ilianzishwa na Walutheri mwaka 1964, ikasimamia makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakati Warundi wa 1972 wanafyeka pori. Lakini idara ya misaada inaingia kambini kwa kibali cha wizara, na mwenye kibali huchagua maneno. Silaumu, akifukuzwa, wenye njaa ni maelfu, na mgao wenyewe mwaka 2023 ulishakatwa hadi nusu. Ndiyo maana hifadhi ibaki kwa halmashauri ya parokia au baraza la wazee, isiguse bajeti wala gari la idara. Askofu atoe waraka mmoja wa kuruhusu na kuweka mipaka, autume pia kwa mkuu wa mkoa, kisha awaachie walio karibu na mlango.

Haya yote yaandaliwe kabla ya tangazo lolote. Barua tupu yenye nafasi za majina, namba za simu za wasaidizi wa kisheria wawili, komeo la choo, na makubaliano na mtendaji ni maandalizi ya wiki moja kwa parokia iliyoamua. Makubaliano na mtendaji ndiyo yaanze, maana watendaji huhamishwa, na mpya akija mtaanza naye upya.