Adui ni moshi au nikotini? Mvutano kati ya mbadala wa sigara na marufuku

Sigara moja hubeba miligramu 10 hadi 14 za nikotini katika tumbaku yake. Mvutaji huambulia miligramu moja au moja na nusu tu. Nyingine huungua au hupotelea hewani. Hicho kidogo hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 tangu pafu livutwe, na kasi hiyo ndiyo inayomfunga mtu. Kinachomuua ni kingine: moshi wa tumbaku inayoungua kwa nyuzijoto 600 hadi 900, wenye kemikali zaidi ya 7,000, lami inayoganda mapafuni na kaboni monoksaidi inayopora nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Kwa hiyo kinachomrudisha mtu kwenye pakiti na kinachompeleka kaburini ni vitu viwili tofauti, na ugomvi wa leo kuhusu sigara za kielektroniki, vifuko vya nikotini vinavyobanwa mdomoni na sheria za marufuku umeanzia hapo. Wako wanaosema mraibu apewe nikotini yake bila moshi, mengine yatajipanga yenyewe. Wako wanaojibu kwamba huko ni kumvua mtu pingu ya chuma na kumvisha ya fedha, huku mlango ukiachwa wazi kwa vijana ambao hawajawahi kushika kiberiti. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una za kizembe pia. Kwa maoni yangu swali la kuzipimia ni moja: baada ya miezi sita, mhusika bado anawasha sigara? Habari ya "nimepunguza" isihesabiwe. Uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubaki na sehemu kubwa ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20: kwa wanaume karibu nusu, kwa wanawake karibu theluthi. Mtu angetarajia moja ya ishirini. Moyo hauhesabu hivyo.

Nikotini hupungua damuni kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, ndiyo maana mvutaji wa pakiti nzima huamka asubuhi akiwa tayari na arosto, yaani mateso ya kuikosa. Akiacha ghafla, hali huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu: hasira za karibu, kukosa utulivu, usingizi wa kukatika-katika, njaa isiyoisha. Sehemu kubwa ya hayo hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4, ingawa uzito huendelea kupanda, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Wanaoacha kwa kujikaza tu, bila dawa wala mshauri, na wakafika miezi sita hawajavuta, ni 3 hadi 5 katika kila 100. Kuwaita waliobaki walegevu ni kutojua wanapambana na nini.

Misaada ipo, lakini mingi hushindwa kwa sababu ya namna inavyotumika. Chukua plasta ya nikotini. Hutoa dozi polepole kwa saa 24. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, hushuka hadi 14 kwa wiki 2, halafu 7 kwa wiki 2 nyingine. Hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, sehemu ya juu ya mkono, kifuani au nyongani, na kesho yake mahali pengine ili ngozi isiwashe. Ndoto zikimsumbua mtu aivue anapolala. Kosa la kwanza ni kuiacha wiki ya tatu kwa kuwa hamu imepoa. Imepoa kwa sababu plasta ipo. Kosa la pili ni kuitegemea peke yake. Plasta hutuliza kiu ya kutwa, lakini haina jibu kwa ile hamu inayovamia ghafla baada ya chakula au wakati wa ugomvi. Kwa hiyo plasta ikiunganishwa na chingamu au lozenji (kidonge cha kumumunya) ya nikotini, wanaofanikiwa huwa wengi zaidi kuliko wanaotumia kimoja tu.

Nayo chingamu hiyo inaitwa chingamu lakini haitafunwi kama chingamu. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka huchukua ya miligramu 4, wengine ya 2. Itafunwe taratibu mpaka iwashe kama pilipili, kisha ibanwe kati ya shavu na ufizi na kuachwa. Mwasho ukiisha, itafunwe tena kidogo na kuhamishiwa upande wa pili, hivyo hivyo kwa nusu saa. Anayeitafuna mfululizo humeza nikotini. Ikifika tumboni, sehemu kubwa huvunjwa na ini kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu, na anachobaki nacho ni kwikwi na kiungulia. Kahawa, soda na juisi za matunda jamii ya machungwa hufanya kinywa kuwa na asidi, na katika asidi nikotini haipenyi vizuri kwenye ngozi ya shavu. Zinywewe dakika 15 kabla, na si wakati chingamu iko mdomoni. Wengi wanaosema "nilijaribu, haikufanya kazi" walikuwa wakiitafuna huku wakishushia kahawa.

Tukiwa kwenye kahawa: moshi wa tumbaku, wala si nikotini, huchochea kimeng'enya cha ini kinachoondoa kafeini mwilini. Sigara ikizimwa, kimeng'enya hicho hupungua ndani ya siku chache na kafeini hukaa damuni karibu mara mbili ya muda wa awali. Vikombe vilevile vinne vinageuka kama vinane. Mtu hutetemeka, moyo unamdunda, hapati usingizi, na anaamini ni arosto. Apunguze kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza.

Vidonge navyo vipo. Varenikilini huanza na miligramu 0.5 mara moja kwa siku kwa siku 3, mara mbili kwa siku hadi siku ya 7, kisha miligramu 1 mara mbili kwa siku hadi wiki ya 12, na sigara huachwa wiki ya pili. Ikimezwa bila chakula huleta kichefuchefu. Sitisini, inayotokana na mmea na iliyotumika Bulgaria tangu miaka ya 1960, ni kozi ya siku 25 tu. Bupropioni haimfai mwenye historia ya kifafa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku, na dawa hizo tatu pamoja na bidhaa tiba za nikotini ndizo zilizopendekezwa. Sigara ya kielektroniki haikuwamo.

Je, ilistahili kuachwa nje? Kifaa hicho, alichokibuni mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, hakiunguzi kitu. Betri hupasha waya uliozungukwa na pamba iliyolowa kimiminika cha propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini, kikatoka mvuke. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusisha wavutaji 886: nusu walipewa sigara za kielektroniki, nusu bidhaa tiba za nikotini, wote wakapata ushauri. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha kuvuta, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la pili. Watetezi huishia hapo. Wapinzani huanzia sentensi inayofuata: kati ya waliofanikiwa, asilimia 80 ya watumiaji wa kifaa walikuwa bado wanakitumia, wakati kwa upande wa plasta na chingamu ni asilimia 9 tu. Matokeo ni yaleyale, kila mmoja kakata kipande chake.

Kwa kipimo nilichokitaja, kifaa kimeshinda jaribio hilo. Lakini mazingira ya jaribio, yenye mshauri na tarehe ya kuacha, si ya mtaani. Huko wengi huvuta mvuke ofisini na sigara wakitoka nje, na faida hupotea kwa hesabu ileile ya sigara moja kwa siku. Mara nyingi chanzo ni dozi ndogo: mvutaji wa pakiti anapoanza na kimiminika cha miligramu 3 kwa mililita kwenye kifaa dhaifu hapati anachokitafuta, na jioni anarudi dukani. Katika Umoja wa Ulaya kikomo ni miligramu 20 kwa mililita, na kwa mvutaji sugu kiwango cha karibu na hapo ndicho chenye mantiki mwanzoni, kisha kishushwe hatua kwa hatua. Tena pamba isiachwe ikauka. Waya mpya uachwe ulowe dakika kadhaa kabla ya kuwashwa. Ladha ya kuungua ni dalili kwamba kimiminika kinavunjika na kutoa aldehidi, yaani baadhi ya sumu zilezile zilizokimbiwa.

Hoja ya vijana ndiyo nzito kuliko zote za wapinzani. Chumvi za nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi, hazikwaruzi koo, na JUUL, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2015 na kiwango cha takriban miligramu 59 kwa mililita, ilionyesha jinsi kitu chenye umbo la flashi kinavyoweza kuenea shuleni. Hoja dhaifu ni ile inayotumia vifo vya mapafu vya Marekani vya mwaka 2019. Hadi Februari 2020 walikuwa wamelazwa watu 2,807 na kufariki 68, lakini kisababishi kikuu kilikuwa asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi vya magendo. Anayevitaja bila kusema hivyo anapotosha. Kwa upande mwingine, anayesema mvuke "ni maji tu" naye anapotosha. Athari za miaka 30 za kuuvuta hazijapimwa, kwa kuwa miaka 30 haijapita.

Sasa marufuku. Neno hili hubeba mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku: kukataza kuvuta mahali fulani, na kukataza kuuza.

La kwanza limethibitika. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwamo, tarehe 29 Machi 2004. Uskoti ilifuata Machi 2006, na hospitali zilizofuatiliwa huko ziliona wagonjwa wa mshtuko wa moyo wakipungua kwa asilimia 17 ndani ya mwaka. England, baada ya sheria yake ya Julai 2007, ilipata upungufu wa asilimia 2.4 tu. Wapo wanaoitumia tofauti hiyo kusema sheria hazina maana. Sikubaliani nao: sehemu nyingi za kazi England zilikuwa zimeshakataza moshi zenyewe, na asilimia 2.4 ya nchi nzima ni wagonjwa wengi. Kisichofanya kazi ni vyumba maalumu vya kuvutia ndani ya jengo. Kila mlango ukifunguliwa, hewa hutoka na mtu, na feni huchanganya moshi badala ya kuuondoa.

La pili lina rekodi mbaya. Bhutan ilikataza uuzaji wa tumbaku mwaka 2004, magendo yakashamiri kutoka India, na wakati wa janga la korona ikalegeza. Afrika Kusini ilisimamisha mauzo kuanzia Machi hadi Agosti 2020. Wavutaji wengi waliendelea kununua, kwa bei iliyopaa, kutoka kwa watu wasiolipa kodi, na mitandao hiyo haikuvunjika marufuku ilipoondolewa. India, mwaka 2019, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki huku sigara za kawaida zikibaki dukani, na Brazil ina katazo kama hilo tangu 2009. Siwezi kuitetea sera inayomwachia mraibu kitu chenye moshi peke yake. Swedeni imefuata njia nyingine: ugoro wake uitwao snus unaruhusiwa, ingawa Umoja wa Ulaya unaukataza kwingine kote, na idadi ya wavutaji wa kila siku huko imeshuka hadi miongoni mwa ya chini kabisa barani.

Katikati ya hayo mawili kuna wazo la kizazi: asiuziwe tumbaku maisha yake yote aliyezaliwa baada ya tarehe fulani. New Zealand ilipitisha sheria ya namna hiyo Desemba 2022 kwa waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009, na serikali mpya ikaifuta mapema 2024 kabla haijaanza kufanya kazi. Maldivi imeanza yake Novemba 2025, kwa waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2007. Haimnyang'anyi mraibu wa leo chochote, na hilo linaitofautisha na Bhutan. Udhaifu wake ni dukani, pale muuzaji atakapolazimika kudai kitambulisho cha mtu wa miaka 40.

Mahali ambapo marufuku na tiba hukutana uso kwa uso ni wodi ya wagonjwa wa akili. Wengi wao ni wavutaji, na dawa zao mbili, klozapini na olanzapini, huondolewa mwilini na kimeng'enya kilekile cha kafeini. Hospitali ikikataza moshi leo, ndani ya wiki moja kiwango cha klozapini damuni kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi kwa vidonge vilevile, na mgonjwa akasinzia kutwa au akapata degedege. Plasta humtuliza arosto, lakini haizuii hilo, kwa sababu kichochezi kilikuwa moshi. Kiwango cha dawa kinatakiwa kupimwa siku ya kulazwa, dozi ishushwe taratibu, na kipimo kirudiwe wiki inayofuata. Akiruhusiwa kwenda nyumbani na kununua pakiti getini, hesabu yote inageuka upya, safari hii kuelekea dozi isiyotosha.