Marehemu wa Bosco Gurin

Najua mmeshaisoma ile habari ya "kifo" changu. Shemeji ameirusha kwenye grupu jana saa tatu usiku, na hadi naamka nilikuwa na "pole kwa msiba" kumi na moja. Basi nami nieleze, maana Shemeji kaongeza chumvi na kilio ambacho hakikuwepo.

Bosco Gurin ni kijiji cha Wawalser, watu wa milimani wanaosema Kijerumani, huko Uswisi, jimbo la Ticino. Mababu zao walitoka Valais, jimbo jingine la Uswisi, wakavuka milima kupitia bonde la Formazza, karne ya 13, na mpaka leo ndicho kijiji pekee cha Ticino chenye wenyeji wa lahaja ya Kijerumani. Jirani zao wote ni Kiitaliano tu. Unapanda basi Locarno hadi Cevio, unabadilisha, halafu ni kona juu ya kona mpaka mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shemeji kanionya kuna baridi. Nikavaa sweta mbili na koti la theluji.

Ilikuwa Julai.

Nje nilijitahidi. Nikamweleza Shemeji yale maghala ya mbao yaliyosimama juu ya miguu, kila mguu umevikwa jiwe bapa la mviringo: panya akipanda anakutana na dari, anarudi alikotoka. Kwetu tunavisha miguu ya ghala bati, akili ni ile ile. Nikajiona profesa.

Tukaingia kwenye nyumba ya mwaka 1386 iliyogeuzwa makumbusho. Milango mifupi, kusudi joto lisitoroke. Nikaugonga kwa paji la uso, nikarudi nyuma kuomba radhi, nikaugonga tena. (Hili Shemeji hakulisema. Nalisema mwenyewe, mjue naongea ukweli.) Ndani, magogo yamelazwa na kupishanishwa pembeni, hewa haina pa kupenya. Jiko la mawe linakokwa kutokea jikoni ili moshi usije sebuleni. Siku hiyo halikuwashwa, ila tulikuwa watu kumi na wawili na koti langu.

Jasho likaanza kisogoni. Likashuka. Lilipofika kwenye soksi nikaona, ukutani, kibao kidogo ukubwa wa daftari, kimeingizwa kwenye mfereji. Dirisha! Mama wa makumbusho anaeleza kwa Kiitaliano, Shemeji ameacha kutafsiri, anapiga picha. Nikakisukuma. Kikagoma. Nikakipiga ngumi ya heshima. Kikateleza: krrrrr. Upepo wa mlimani ukanipiga usoni, nikafumba macho, nikasema "aaah" kwa sauti.

Nilipofumbua, chumba kizima kimya. Bibi mmoja anapiga ishara ya msalaba. Mama ananitazama, ananiuliza polepole: "Chi è morto?"

Jamani, Kiitaliano changu ni maneno kumi. *Molto* ni "sana", na ulimi wangu, mnanijua, haujawahi kutenganisha l na r. Nikaelewa anauliza nani anaona joto sana. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi wa darasa la pili, nikajipiga kifuani:

"Io! Io! Morto, morto!"

Yaani: nani amekufa? Mimi, mimi, nimekufa, nimekufa.

Na nilikuwa natabasamu.

Shemeji alikaa chini sakafuni. Alipopata pumzi ndipo akanitafsiria: lile si dirisha la hewa. Ni tundu la roho. Wawalser walilifunga mwaka mzima. Mtu akifa ndani, linafunguliwa roho itoke, kisha linafungwa haraka isije ikarudi.

Mengine mafupi. Niliomba msamaha kwa lugha zote, mama akacheka mpaka akafuta miwani, nikanunua kadi nne za posta nisizozihitaji, tukawahi basi. Mama yangu kapiga simu asubuhi kutoka Korogwe kuhakikisha.

Kinachonisumbua ni kimoja. Yule mama wa makumbusho alilifunga tundu haraka, kama desturi inavyotaka. Sasa kama roho yangu ilishatoka, iko nje kule juu, mita 1,500, na sweta zote mbili ninazo mimi.