Hakuwa Bibi, Alikuwa Babu

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya mtu anayezama, naomba nikanushe jambo moja. Hakuwa bibi. Aliyenibeba Kilwa Kisiwani alikuwa babu, mwanaume kamili, nahodha, mwenye viganja vilivyokomaa kwa kamba za tanga. Habari inayosambaa kwamba nilibebwa mgongoni na "bibi kizee" imetungwa na mdogo wake mke wangu, yule wa mwisho, ambaye wakati mambo yanatokea alikuwa amekaa sebuleni kwa baba yao, Tabata, anamenya karanga. Hakuona chochote. Alisikia tu. Kwa nini alisikia, mtaelewa.

Mnaonifuatilia mnajua tuko njiani, mimi na shemeji yenu, kutoka Dar kwenda Mtwara. Watoto wako kwa bibi yao, haraka hatuna. Basi la abiria linatoka Dar alfajiri na jioni watu wako Mtwara wanaoga. Sisi mpaka tunaimaliza Mkuranga tulikuwa tumeshasimama kununua korosho, kunywa madafu, kupiga picha mnazi, na kurudi nyuma kwa sababu mnazi wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi. Kuna kijiji askari wa tochi alitusimamisha. Nikashika pochi, nikaanza kuiaga elfu thelathini yangu. Wala. Alitaka kujua kama gari lina tatizo.

Sasa kuna mtu lazima nimtaje ndipo muielewe hii aibu. Baba mkwe wangu aliendesha lori njia ya kusini enzi za pantoni. Daraja la Mkapa limefunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na mzee akianza kusimulia foleni ya Ndundu chai inapoa. Halafu anahamia kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilichosubiri lami mpaka watu wakakata tamaa. Kila kona ya pale anaijua kwa tope lake. Kwa hiyo safari yetu ameifanya yake. Tukiwa Kibiti anapiga. Darajani anapiga: "Mto umejaa?" Somanga anapiga kuuliza kama tumekula samaki, na wa nani, wa upande gani wa barabara. Hapigi kwa binti yake. Anapiga kwangu, "dereva."

Na simu ya baba mkwe, wanaume wenzangu, haiachwi ikaita. Mimi nimempa mlio wake peke yake ili nisije nikakosea. Hata niko bafuni na povu kichwani, nafuta mkono mmoja, napokea.

Tukakata kushoto Nangurukuru, tukalala Kilwa Masoko. Asubuhi ilikuwa zamu ya Kisiwani, na hapo ndipo raba zinapoingia.

Nilikuwa nimenunua raba nyeupe. Nyeupe ile ya dukani, bado zinanuka boksi. Suruali ya kitani, nyeupe vilevile. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, "Unaenda hivyo?" Nikamwambia Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji, mimi siwezi kutokea pale na kandambili. Akanyamaza. Wenye ndoa mnaijua ile kunyamaza.

Tukachukua kibali, tukapewa kijana wa kututembeza, tukashuka gatini. Boti za injini zipo, zinavuka mara moja. Mke wangu akasema hapana, tumesema safari ya polepole, tupande dau la tanga. Nahodha alikuwa mzee mwembamba, kikoi, kofia iliyopauka kwa jua. Kilo zangu sizitaji humu, ila chukueni yeye, ongezeni mfuko mmoja wa saruji, hapo mmenipata mimi. Njiani akatueleza kwamba mwezi ulikuwa mpevu juzi tu, ni bamvua, maji yakitoka yanatoka kwelikweli. Nikaitikia kwa kichwa vile mtu anavyoitikia jambo lisilomhusu.

Dau likagota. Ufuko uko pale, unauona, ile ngome wanayoiita Gereza imesimama pale, lakini kati yetu na nchi kavu kuna kipande cha maji, chini yake tope na majani, na wale wadudu weusi wa miba wamekaa wanasubiri mguu wa mtu.

Mke wangu hakuuliza swali. Alivua viatu, akapandisha khanga juu ya magoti, akashuka, huyo. Yule kijana naye chubwi, akamfuata. Nikabaki mimi, raba zangu na nahodha. Mzee akaniangalia miguuni muda mrefu.

"Panda mgongoni, mwanangu."

"Hapana mzee, nitakuumiza."

"Nimebeba magunia ya chumvi wewe hujazaliwa. Panda."

Jamani, mkubwa akishasema panda, unamjibuje? Nimeshawaona mnaoandika "si ungevua tu raba." Nyamazeni kidogo, nasimulia mimi.

Nikapanda. Mwanaume mzima, baba wa familia, nimekumbatia shingo ya mzee wa watu. Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Mzee ananukia tumbaku na moshi wa kuni, anatembea kwa kupapasa chini kwa vidole. Ufukweni mke wangu ameshatoa simu anarekodi. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamwonyesha dole gumba.

Tulipofika katikati, mtu akatokea ufukweni na wavu begani. Rafiki yake nahodha.

"Salaam aleikum!"

Nahodha akasimama. Katikati ya maji, na mimi juu, akasimama. "Waaleikum salaam! Umeamkaje?"

"Alhamdulillah. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mbuzi?"

"Kapona."

"Alikuwa na nini?"

Nyie, watu wa pwani salamu hawaikati. Mbuzi akaelezwa kuanzia siku aliyoacha kula. Mimi nateleza kidogo kidogo, mzee ananirusha juu vile mtoto anavyowekwa sawa mgongoni, anaendelea kusikiliza. Yule bwana akanikumbuka na mimi: "Na mgeni hajambo?" Nikajibu sijambo, nikiwa hukohuko juu. Ningesema nini kingine?

Simu ikaita.

Mlio ule. Wa mtu mmoja tu duniani. Iko mfuko wa shati, imebanwa kati ya kifua changu na mgongo wa mzee, inatetemeka tunatetemeka wote. Nikauacha mkono mmoja shingoni, wa pili nikauchomoa, nikaivuta simu, nikaibandika sikioni, nikasema kwa ile sauti yangu ya ukweni:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," akaitika nahodha.

Hapo tusimame kidogo. Mimi mdomo wangu uko sikioni kwa yule mzee. Amesikia shikamoo imetua vizuri kabisa, tena ya heshima, na mtu mzima wa pwani haachi shikamoo ikapita hewani. Huku kwenye simu baba mkwe naye alikuwa amefungua mdomo kuitikia, akasikia mtu amemwahi.

"Nani huyo ameitika?"

"Ni babu, baba."

"Babu yupi?"

"Huyu anayenibeba."

Kimya. Naomba mkumbuke kwamba Tabata simu ilikuwa imewekwa spika, maana masikio ya mzee yamechoka, na mla karanga yuko pembeni.

"Anakubeba anakupeleka wapi?"

Swali hilo sikulijibu. Kwa sababu nahodha, kwa adabu yake, hakuona sawa kupokea salamu amempa mtu kisogo. Akageuza uso anitazame. Kichwa kilipogeuka bega likafuata, na bega lilipofuata mimi nikaanza safari ya kwenda upande ambao hatukupatana. Mguu wake ukakanyaga kitu. Akasema "Ah," taratibu, bila hata kupandisha sauti.

Pale, wadau, nilikuwa na muda. Watu husema yalitokea ghafla. Yangu hayakutokea ghafla. Ningeweza kushusha mguu mmoja tu chini, mchezo ukaishia hapo. Lakini mguu una raba. Kwa hiyo badala ya kuishusha, nikainua miguu yote miwili. Nikaikunja, nikaileta juu kabisa, raba zikang'aa kwenye jua, nimemning'inia mzee kwa mkono mmoja, simu sikioni, macho nimemtumbulia mke wangu ambaye hakutikisa kamera hata kidogo.

Mkono ukaachia.

Nikaona mbingu. Nikaiona Gereza imesimama kichwa chini. Nikamsikia baba mkwe anasema, "Haloo? Haloo?" Nikapiga kelele ambayo ndiyo imenifikisha hapa nilipo leo:

"Mama yangu, nakufa!"

Halafu maji. Simu ilikuwa bado sikioni, kwa hiyo Tabata walisikia yote, pamoja na kububujika.

Nilipigana na ile bahari, msione hivi. Nilitupa mikono, nikameza chumvi, nikashika majani, nikayaacha nikidhani ni kitu kinanishika. Kwa mbali nasikia sauti ya mke wangu, nikajua ananiaga. Nikatega sikio.

"Simama!" anasema. "Wewe, simama tu!"

Nikasimama. Maji yalikuwa ya magotini.

Nahodha hakuanguka. Mkae mkilijua hilo pia. Alikuwa amesimama vilevile, kikoi hata hakijalowa mpaka juu, anaweka kofia yake sawa. "Pole, mwanangu," akaniambia. Rafiki yake wa wavu alikuwa amekaa chini mchangani, anacheka bila sauti, amejishika mbavu.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Baba mkwe alipiga tena, sipatikani. Akampigia binti yake. Binti yake anacheka hadi machozi, hawezi kutamka neno, na kwa mtu aliyetoka kusikia "nakufa," kicheko cha namna ile kwenye spika ni kilio. Akakata simu, akaanza kuwaarifu ndugu. Mpaka mke wangu anapata pumzi ya kueleza, kuna shangazi Morogoro alikuwa ameshaulizia nauli, na kuna mtu kwenye kundi la familia ameandika, "Je, anazikwa Dar au kwao?" Bado maneno yako pale. Hajayafuta. Aliyeuliza namjua.

Msikiti Mkuu nimeutembelea nikiwa nimejifunga khanga ya mke wangu, maana kitani cheupe kikilowa hakina siri. Yule kijana akatueleza kwa adabu zote kuhusu kuta za mawe ya matumbawe na kuba zile, akatuambia magofu haya yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, na muda wote anazungumza akitazama juu ya kichwa changu, meno ameyauma. Picha zipo. Katika zote mimi ni yule mwenye khanga, na maneno ya ile khanga siyaandiki humu. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamejaa, dau likasogea mpaka pa kukanyagia, mtu unashuka mkavu. Nahodha nikamwongezea hela, akanishukuru, akaniombea dua ya mguu mwepesi.

Simu imelala kwenye mchele tangu siku ile. Mchele tumeshaula, simu haijawaka. Raba moja imerudi rangi, nyingine imeamua kubaki na Kilwa. Video ipo, na mke wangu anasema hatma yake itategemea tabia yangu kati ya hapa na Mikindani. Kwa hiyo mnaoomba irushwe, mwombeni yeye. Mimi tangu juzi ndiye nafungua milango ya gari, namenya machungwa, nabeba mabegi.

Sasa tuko Lindi, tumekaa ufukweni, upepo mzuri, naandika haya kwa simu yake. Ameiona pantoni inayovuka kwenda Kitunda na ameshaniuliza kama tuvuke, turudi, tuone tu upande wa pili ulivyo. Nimemwambia upande wa pili naouona vizuri sana nikiwa hapahapa. Anacheka. Na huyu naye anapiga, ni baba yake, safari hii kupitia namba ya binti maana dereva hapatikani.

Ngojeni kwanza nisogee mbali na maji.