Mpwa wangu na kisanduku cha tisa

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Juzi alininyang'anya simu, akafungua kipimo cha IQ, yaani alama ya akili, kinachozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Swali la tatu akakwama. "Anko, mbona hili halina maneno?"

Kweli halikuwa nayo. Visanduku tisa, vinane vina michoro, cha tisa kitupu. Uchague mchoro unaofaa kukijaza. Nikafunika safu mbili za chini kwa kiganja, nikamuuliza: hapa juu kinabadilika nini? Akakodoa macho. "Vijiti vinaongezeka kimoja kimoja... na kidoti kinazunguka!" Nilipotoa mkono alijibu hilo na manne yaliyofuata bila kuniuliza kitu.

Dakika mbili kabla, kipimo kile kingemwita kilaza. Dakika mbili baadaye, kipanga. Na kichwa ni kilekile.

Mimi si katika wale wanaosema IQ ni upuuzi mtupu wa wazungu. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aliona kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, hata yale yasiyo na undugu: Kifaransa, hisabati, mpaka kutofautisha sauti ya juu na ya chini. Akasema nyuma ya hayo yote kuna uwezo mmoja wa jumla, akaupa herufi g. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la madaftari hashangai. Na alama za IQ zinabashiri matokeo ya shule vizuri tu, tupende tusipende.

Ninagoma pale alama inapogeuzwa kuwa ndiyo akili yenyewe, kama kimo cha mtu mzima ambacho hakiongezeki tena. Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha kwanza cha aina hii Paris mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alikuwa anatafuta watoto wanaohitaji msaada darasani. Aliwapinga waziwazi waliodai akili ya mtoto haiwezi kuongezwa. Waliokichukua kipimo chake baadaye, hasa Marekani, wengi hawakutaka kusikia habari hiyo.

Tukirudi kwetu, huko Embu, Kenya, watoto wa vijijini walipimwa mwaka 1984, kisha wengine wa rika lao mwaka 1998, kwa visanduku vya aina hiihii. Wale wa pili waliwazidi wenzao kwa pointi 26 hivi za IQ. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walitaja lishe na afya ya watoto, wazazi waliojua kusoma, na familia zilizopungua ukubwa.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Bagamoyo. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo Watanzania, waliutoa mwaka 2002. Waliwapa watoto wa shule za huko mafumbo: kupanga kadi kwa makundi, kukisia kitu kwa kuuliza maswali yasiyozidi 20, mambo ya namna hiyo. Kisha baadhi yao wakaelekezwa mbinu kwa muda usiofika saa moja, wengine wakaachwa hivyo hivyo, na wote wakapimwa tena.

Walioelekezwa walipanda. Hilo lilitarajiwa. Ila tazama orodha. Kwa wale walioachwa, waliokuwa juu walibaki juu na wa chini walibaki chini, karibu kama mwanzo. Kwa walioelekezwa, orodha ilivurugika: alama ya kwanza haikusema mengi kuhusu nani angeng'ara mara ya pili. Saa moja, jamani, haitoshi kumtengenezea mtoto akili mpya. Aliyeruka kutoka mkiani alikuwa nayo tangu asubuhi, ila hakuna aliyemfunikia safu mbili za chini.

Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto fulani ana IQ kadhaa, huwa nauliza: alipimwa mara ngapi, na katikati alifundishwa nini? Jibu huwa ni mara moja, na hakufundishwa kitu.

Kile kipimo cha simu kiliishia kudai pesa ndipo kitoe alama. Nikakifunga. Mpwa wangu wala hakujali. Alishachukua daftari, anachora swali lake mwenyewe, visanduku tisa, cha tisa kitupu. Ameniachia mezani. Vijiti nimevielewa, ila kidoti mpaka leo kinanishinda.