Mmea wa kwenye kopo una njaa, usiuambie usubiri

Unanikera ushauri huu unaorudiwa kila mahali: majani yakiwa ya njano, ongeza samadi, mbolea ya kuyeyusha ni sumu, ikimbie. Anayeupenda mmea wake anatii, na mmea unazidi kudhoofu mbele ya macho yake.

Mzizi haumezi samadi. Unanyonya naitrojeni, kirutubisho cha majani, ikiwa tayari imeyeyuka majini, hasa kwa umbo liitwalo naitreti, na naitreti ni ile ile, itoke zizini au kiwandani. Samadi lazima kwanza ivunjwevunjwe na vijidudu wa udongoni, nao wanataka joto, unyevu, hewa na muda. Kwenye tuta wamejaa. Kwenye kopo la lita 5 lililojazwa nyuzi za makumbi ya nazi ni wachache, na kile kidogo wanachotoa huchujika chini kila unapomwagilia. Ndiyo maana majani ya chini, yaliyozeeka, hutangulia kuwa ya njano: mmea unayanyang'anya naitrojeni ili ulishe machipukizi. (Kama kopo limetuamisha maji, hiyo ni mizizi kukosa hewa, na mbolea yoyote haitasaidia.)

Mmea wa namna hiyo upeni mbolea ya kuyeyusha ya NPK 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu; 20 ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni), gramu 1 kwa lita 1 ya maji, kila baada ya wiki moja au mbili. Hizo ni miligramu 200 za naitrojeni kwa lita. Tangulizeni maji matupu, kwa sababu mbolea ikikuta udongo mkavu, chumvi yake huzuia mizizi kunywa na ncha za majani huungua. Ukoko mweupe ukijitokeza juu ya udongo, simamisheni mbolea, mmimine maji mengi mpaka yatiririke chini.

Haya, nakubali: mbolea hiyo haijengi udongo, haishiki maji, hailishi minyoo. Tutani siwezi kuitetea mbele ya sentimita 3 za mboji iliyoiva. Lakini asili nayo huunguza. Samadi mbichi ya kuku huua miche kwa amonia. Na maranda mabichi yakifukiwa, vijidudu huchukua naitrojeni ya mmea ili wayaozeshe.

Majivu nayo yasikutane na mbolea ya yurea wala samadi ya kuku. Ualkali wake huipeperusha naitrojeni, na ile harufu inayochoma pua ndiyo mbolea yenyewe inaondoka.