Chupa ya plastiki iwekewe bei

Kwenye usafi wa Jumamosi pale ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, mheshimiwa mmoja alishika kipaza sauti akasema watu wa pwani hatuna ustaarabu, ndiyo maana bahari imejaa taka. Akina mama walioinama tangu alfajiri wakiokota chupa walimsikiliza kimya. Mimi nimeshindwa kunyamaza.

Hizo taka zenyewe tuziangalie basi. Maji yakishakupwa, mstari wa majani yaliyoachwa na bahari umejaa vifuniko, kandambili za mguu mmoja, vipande vya nyavu za nailoni, vifuko vya maji ya kandoro, na chupa za maji na soda, chupa juu ya chupa. Nyingine zimekaa majini hadi zikaota magamba. Zilizotoka mbali zipo, maana mkondo mkubwa wa bahari unatokea mashariki, unagonga pwani karibu na Rasi Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kisha tawi moja linapanda kaskazini kupitia kwetu. Hizo kweli hatuna la kufanya ila kuziokota. Lakini chupa yenye lebo mbichi ya Kiswahili imetoka kwenye mitaro yetu, mvua za masika zimeishusha.

Sasa niambieni, ni nani ameokota chupa ya soda ya glasi pale Shangani? Huzioni. Wanywaji ni walewale, mitaro ni ileile. Tofauti ni kwamba ya glasi ina hela yake. Ukienda nayo nyumbani mwenye duka anakwambia uache pesa ya chupa, na usiporudisha, pesa yako imekwenda. Ikisahaulika barazani, mtoto anaikimbiza dukani kabla hujageuka. Hakuna semina iliyotufundisha hilo wala bango lililobandikwa. Halafu soda ikahamia kwenye plastiki, kiwanda kikaacha kuidai chupa yake, gharama ya kuikusanya ikaangukia halmashauri na migongo ya akina mama wale. Kisha wanaitwa wachafu. Inaniuma sana.

Nakubali, wapo wenzetu wanaotupa taka mbele ya watoto wao, na faini inawastahili. Ila sheria ikigusa bidhaa yenyewe tunaona matokeo: Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na madukani ikapungua kwa kasi ambayo mahubiri ya miaka mingi hayakuifikia. Vifungashio laini vya karanga ndivyo vimebaki, navyo vishughulikiwe.

Huko Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kasa hupanda mchangani kutaga. Mchanga huohuo una vifuniko.

Ujerumani imeweka amana kwenye chupa za plastiki za vinywaji zinazotumika mara moja tangu 2003, senti 25 za yuro kwa chupa, anayerudisha anapewa hela yake. Sisi tumeifanya kwa glasi tangu zamani, kwa hiyo msituambie Watanzania hawawezi. Wabunge wetu wa Mtwara na Lindi walipeleke Dodoma: kila chupa ya plastiki iuzwe na pesa ya chupa juu yake, na kiwanda kilazimike kuipokea. Wakisema Mtwara ni mbali, usafiri ghali, lori linaloshusha soda huku lirudi na chupa tupu, kama lilivyokuwa likirudi na kreti.