Kipofu ilikuwa kamera

Husemwa kwamba mwanga unaweza kutuonyesha ndani ya mwili bila kisu. Umeme ukikatika usiku, washa tochi ya simu uizibe kwa kidole. Kidole chote kinawaka nyekundu. Bluu na kijani zimemezwa na damu, nyekundu imepenya. Songa mbele ya nyekundu, kwenye mawimbi ya mwanga yenye urefu wa nanomita 700 hadi 900 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), jicho haliambulii kitu lakini nyama inapitisha mwanga zaidi. Kwa njia hiyo panya wa maabara hudungwa rangi inayong'aa, akamulikwa, na mishipa yake ikatazamwa angali hai, bila kupasuliwa. (Hubadilishiwa chakula kwanza. Akila majani ya alfalfa, klorofili (ukijani wa majani) nayo inang'aa tumboni na kuvuruga picha.)

Mwaka 2009 maabara ya Hongjie Dai, Chuo Kikuu cha Stanford, ilipiga picha za panya kwa vijirija vya kaboni vinavyong'aa kupita nanomita 1000. Huko mwanga hautawanyiki sana, kwa hiyo mshipa unaonekana kama uzi, si kama wino uliomwagikia kitambaa. Tangu hapo ni mashindano ya kubuni rangi mpya, nyingine zikiwa chembe zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hapo ndipo ninapokunja uso. Nani atakubali kudungwa risasi, hata iwe ndogo namna gani?

Kumbe ilikuwapo rangi kongwe, kijani cha indosianini, iliyoruhusiwa kwa wagonjwa Marekani tangu 1959. Hujishikiza kwenye protini za damu, kisha ini huichuja na kuitoa kwa nyongo. Ilijulikana kuwa hung'aa zaidi kwenye nanomita 830 hivi, watu wakaridhika. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mkia wa mwanga wake unavuka 1000, na unatosha kabisa kupigia picha. Rangi ni ileile. Kamera za kawaida za silikoni ndizo hupofuka zikikaribia hapo; ukifunga yenye kihisi cha indiamu, galiamu na aseniki, inaona. Bei yake usiulize.

Halafu hilo neno "ndani". Mwaka 2014 kundi la Dai liliona mishipa ya ubongo wa panya kupitia fuvu lisilotobolewa, kina cha zaidi ya milimita 2. Kwa panya, hiyo ni safari ndefu. Ini la mama yangu limekaa chini ya ngozi, mafuta, misuli na mbavu. Ndiyo maana kwa binadamu utaikuta rangi hii zaidi chumba cha upasuaji, daktari akiwa keshashika kisu.